Kumweleza Daktari Historia ya Saratani katika Ukoo Ukiwa Ughaibuni

Barua ya wito wa kupima matiti humfikia mwanamke kwa kuangalia umri wake tu. Uingereza huanza kumwita akiwa kati ya miaka 50 na 53 na kuendelea kila baada ya miaka 3 hadi anapokaribia 71, na Marekani ushauri wa jumla tangu mwaka 2024 ni kupima kila baada ya miaka 2 kuanzia umri wa miaka 40. Ratiba hizo zimepangwa kwa ajili ya wanawake wenye hatari ya kawaida, ilhali saratani ya kurithi yaweza kumpata mwanamke akiwa bado na miaka thelathini na kitu, kabla barua yoyote haijabisha hodi. Kwa hiyo, kama ukoo wako umepoteza watu kwa saratani, wewe ndiwe utakayeanzisha mazungumzo na daktari.

Jeni zinazojulikana zaidi katika jambo hili ni BRCA1, iliyobainishwa mwaka 1994, na BRCA2, iliyofuata mwaka 1995. Kazi yake ni kurekebisha vinasaba vilivyoharibika ndani ya seli, na mtu akirithi jeni yenye hitilafu, ulinzi huo hupungua. Kati ya wanawake 100 wenye hitilafu hiyo, takriban 70 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, huwapata kama 44 kati ya 100 wenye hitilafu ya BRCA1 na 17 kati ya 100 wenye ile ya BRCA2. Kila mtoto wa mzazi mwenye hitilafu, awe wa kiume au wa kike, ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, na mzazi huyo aweza kuwa baba.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Mimi niliulizwa kama mama yangu au dada zangu wamewahi kuugua saratani ya matiti, nikajibu hapana, kwa kuwa ndiyo kweli, naye daktari akaweka alama kwenye fomu na kuhamia swali jingine. Shangazi zangu wawili walifariki kwa ugonjwa huo, mmoja akiwa hajafikisha miaka 40, lakini hakuna aliyeniuliza habari za kuumeni na mimi sikujua kwamba zina uzito. Ilinichukua miaka mitatu kurudi na kulisema, na miaka hiyo bado inaniuma.

Basi andika ukoo wako kwenye karatasi kabla ya kwenda, kuumeni upande mmoja na kukeni upande wa pili. Kiswahili chetu hutofautisha shangazi na mama mdogo, lakini Kiingereza huwaita wote kwa neno moja, na daktari asipoambiwa upande hawezi kuujua. Kinyume chake, sisi humwita dada hata binti wa mama mkubwa, jambo ambalo kwa daktari hubadilisha hesabu nzima. Eleza kwa kuzaliwa: dada yake baba, baba mmoja mama mmoja, binti wa dada yake mama. Kwa kila aliyeugua, andika saratani ilianzia wapi na aligunduliwa akiwa na umri gani. Waweke pia wanaume, kwani saratani ya matiti kwa mwanamume, ya tezi dume na ya kongosho zaweza kutokana na jeni hizo hizo.

Kuzipata habari hizi kwa simu kunahitaji upole, hasa ukiongea na wazee. Marehemu aliyesemwa kuwa na ugonjwa wa tumbo huenda alikuwa na saratani ya ovari. Badala ya kuuliza jina la ugonjwa, uliza alivyokuwa: je, tumbo lilijaa maji, alifanyiwa upasuaji gani, alikuwa na watoto wa umri gani alipofariki?

Mbele ya daktari, sema wazi kwamba unaomba rufaa ya kwenda kwa mshauri wa vinasaba, kisha mpe karatasi yako. Akikataa, muulize sababu na umwombe aiandike kwenye faili lako. Kuuliza hivyo si kumvunjia heshima. Kama lugha ni kikwazo, omba mkalimani wa hospitali, ambaye hulipii Uingereza kwenye huduma ya umma wala Marekani kwenye hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu. Usimtumie mwanao, kuna maswali ya kizazi na hedhi ambayo hutayajibu kwa ukamilifu mbele yake.

Ikithibitika kwa kipimo cha jeni kuwa una hitilafu, miongozo ya Marekani hupendekeza kipimo cha MRI (picha ya sumaku) cha matiti kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamografia, yaani eksirei ya matiti, kuongezwa kuanzia miaka 30. Kwa ovari hakuna kipimo cha kutegemewa cha kuikuta saratani mapema, na ndiyo maana daktari ataleta mazungumzo ya kuondoa ovari na mirija yake, kwa kawaida kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1 na kati ya 40 na 45 kwa BRCA2, baada ya kumaliza kuzaa. Ni uamuzi mzito, kwa maana upasuaji huo huleta ukomo wa hedhi papo hapo. Una haki ya kuomba muda, na daktari mwema atakupangia siku nyingine badala ya kukuharakisha.

Anayeishi Marekani ajue kwamba sheria ya mwaka 2008 inazikataza bima za afya na waajiri wengi kumbagua mtu kwa sababu ya jeni zake, ila haigusi bima ya maisha.

Huenda majibu ya kipimo cha jeni yakasema kuna badiliko la jeni ambalo maana yake bado haijulikani. Majibu ya namna hii hutupata zaidi sisi wenye asili ya Afrika, kwa kuwa jeni zetu zimechunguzwa kidogo. Usikubali upasuaji kwa sababu ya badiliko hilo peke yake. Chukua nakala ya ripoti, iachie kliniki namba yako kila unapohama, na kila baada ya mwaka mmoja au miwili uulize kama badiliko hilo limeshapata tafsiri.