Blogu ya fundi friji: niliyoyajua kwa kuchelewa

Mwezi wake wa kwanza, blogu yangu ilifunguliwa mara kumi na moja. Nikafurahi, nikamwonyesha mke wangu. Yeye si mwepesi wa kushangilia. Akauliza, "Na wewe mwenyewe uliifungua mara ngapi?" Mara nane. Mbili zilikuwa zake. Moja iliyobaki hatujui mpaka leo ni ya nani, na namwombea dua.

Mimi ni fundi mafriji hapa Tanga mjini. Ukinikuta Ngamiani niko juu ya baiskeli, mtungi mdogo wa gesi umefungwa nyuma kwa mpira. Blogu ninayo mwaka wa nne sasa. Juzi juzi vijana wawili wa mtaani, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza inaanzishwaje. Nikaona kuliko kuwasimulia vipande vipande barazani, niyaandike yote pamoja, na machungu yake humo humo.

Usianze na blogu. Anza na daftari. Mimi nilianza na jina: wiki mbili nzima natafuta jina, halafu rangi, halafu picha ya juu. Nilipomaliza nikaandika "Karibuni katika blogu yangu". Posti ya pili, baada ya miezi mitatu, ilikuwa "Samahani kwa ukimya". Ukizunguka mtandaoni utakuta blogu za Kiswahili zenye posti hizo mbili tu, na hapo ndipo zilipozikwa. Kwa hiyo chukua daftari la shule, andika habari tatu kamili kwa mkono. Ikikushinda ya tatu, umeokoa muda wako na hudaiwi na mtu. Ikitoka ya tatu na ya nne ikawa inakuwasha, fungua.

Kufungua si kazi. Blogger ni ya Google, ni bure, unaingia kwa akaunti ile ile ya barua pepe iliyomo kwenye simu yako, na anwani yako itaishia na blogspot.com. WordPress nayo ina toleo la bure. Watu watabishana mbele yako ipi bora mpaka chai ipoe; mimi nilichukua ile iliyokubali kufunguka kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Kwenye mipangilio fanya mawili tu. Zima kuhesabiwa unapoifungua mwenyewe, yasikupate ya mara nane. Na kila baada ya miezi michache pakua nakala ya posti zako zote, uiweke kwenye flashi. Simu huibiwa, akaunti hufungwa, na nywila huenda na aliyeifahamu.

Kuna la sheria pia, ambalo vijana hawapendi kulisikia. Kwa Tanzania, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu wajisajili TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na kulipia leseni, na jumla yake ilipita shilingi milioni mbili. Mwaka ule wengi walinyamaza. Hata JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, walijizima kwa muda mwezi Juni. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Basi usichukue habari ya kijiweni, hii yangu ikiwemo. Soma kanuni zilivyo leo, uangalie blogu yako inaangukia wapi, hasa kama una mpango wa kugusa habari za matukio.

Sasa, uandike nini? Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kwingine kote. Mwanzoni niliandika mambo ya maana. Umuhimu wa elimu. Vijana na ajira. Niliporudia kusoma nikajiona kama mgeni rasmi kwenye mahafali: hapakuwa na sentensi moja ambayo mtu mwingine yeyote asingeweza kuiandika.

Kilichoniokoa ni kisu. Wiki moja niliitwa kwenye nyumba tatu, mafriji matatu, ugonjwa mmoja: tundu kwenye ukuta wa friza. Samaki wameshikana na barafu, mwenye nyumba ana haraka, anachokonoa. Nyuma ya bati lile jembamba la aluminiamu kuna njia ya gesi. Ukilitoboa unasikia fsss, na kinachotoka pale ni hela yako. Wote watatu waliniapia hawajui tundu limetoka wapi. Nyumba ya tatu kisu kilikuwa bado juu ya friji, kimelala ubavu, kina magamba ya kibua. Nilirudi nyumbani nimefura, nikaandika usiku ule ule bila kupumzika: kisu, magamba, kiapo, na namna ya kuyeyusha barafu kwa sufuria ya maji ya moto uliyoiweka ndani, mlango ukiwa wazi na waya umechomolewa. Asubuhi nilikuta imefunguliwa mara arobaini, na safari hii sikuwamo.

Tangu hapo naandika ninachokishika kwa mikono. Nyuma ya kitabu cha risiti naandika maneno matatu manne papo hapo, mteja akidhani napiga hesabu. "Bibi, redio juu ya friji, asema zinapumzika pamoja." "Barafu za ukwaju, umeme kukatika, mtoto analamba zote." Mchana maneno matatu yanatosha. Usiku yanakuwa ukurasa. Bila yale maneno, usiku unakaa na simu mkononi unakumbuka tu kwamba ilikuwa siku nzuri, na siku nzuri haiandikiki.

Kichwa cha habari kiandike kama mtu anavyolalamika, si kama mwalimu anavyofundisha. Niliwahi kuweka posti yenye kichwa "Changamoto za mfumo wa kuondoa maji katika jokofu". Haikusomwa. Nikaibadilisha kichwa tu: "Friji linatoa maji ndani, nifanye nini?" Hakuna anayeandika "jokofu" kwenye simu saa nne usiku huku amesimama kwenye maji. Posti hiyo mpaka leo ndiyo inayobeba blogu nzima. Jibu lake, kama unataka kujua, ni katundu kadogo nyuma, chini ya ukuta wa ndani. Chomoa waya, sukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, na mara nyingi kitakachotoka ni kipande cha mchicha.

Kuna walionishauri niandike Kiswahili cha gazeti. Nilijaribu nikasikia kama nimevaa suti ya kuazima. Ninaandika tunavyosema huku, ila tahajia naikagua, maana ukikosea "ahali" na "hali" wasomaji wa Mombasa hawakuachi ulale. Na Kiswahili chenyewe usikionee haya. Ndesanjo Macha aliandika blogu yake, Jikomboe, kwa Kiswahili tangu katikati ya miaka ya 2000, wakati wengi waliona intaneti ni mali ya Kiingereza.

Mambo ya mkono nitayapitia haraka. Usiandikie moja kwa moja kwenye ukurasa wa blogu. Bando langu liliwahi kuisha katikati nikapoteza posti nzima, na ya pili uliyoandika kwa hasira haifanani na ya kwanza. Andikia kwenye programu ya madokezo ya simu, kisha nakili. Picha ya simu inaweza kufika MB 4. Ipunguze iwe KB 200 hivi, kwa sababu anayekusoma naye ananunua bando. Aya ziwe fupi. Soma kwa sauti kabla ya kuweka. Unapokosa pumzi, weka nukta.

Sasa kosa langu kubwa. Niliwahi kukuta ripoti ya shule ya mtoto imefichwa chini ya droo ya mboga, ndani ya mfuko wa nailoni, imekaa baridi kabisa. Nikacheka, nikaandika. Sikutaja jina. Lakini nilitaja mlango wa bluu, na mwembe, na barabara ya ngapi. Ngamiani barabara zina namba. Ukishasema namba na mwembe, umeshamaliza. Siku ya pili mama mwenye nyumba alikuja gereji kwa miguu, hakunitukana. Alisema tu, "Baba, nilikufungulia mlango utengeneze friji." Nilifuta posti mbele yake. Yule mtoto alichapwa au hakuchapwa, sikuthubutu kuuliza.

Siku hizi nina utaratibu. Jambo la mtu likinivutia nabadilisha mtaa, nabadilisha kitu kimoja cha nyumba, na nabadilisha aliyehusika: bibi anakuwa babu. Kama baada ya kubadilisha habari imekufa, basi ilikuwa umbea, naiacha. Kama ni lazima ibaki ilivyo, naenda kumsomea mwenyewe kwanza. Mke wangu husoma kila posti inayomgusa mtu, na neno lake ni la mwisho. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini kusema kweli mimi kilichonifundisha ni ile sauti ya pale gereji.

Na wewe utaibiwa, jiandae. Ile posti ya maji mtu aliinakili yote, akaondoa jina langu, akaongeza "Sambaza kwa uwapendao". Ikazunguka WhatsApp miezi, mwisho ikaniangukia kwenye kundi la familia. Aliyeituma ni shemeji yangu. "Shemeji soma hii, itakusaidia kazini." Nikamjibu ahsante. Nilichofanya baadaye ni kuingiza ufundi wangu katikati ya maelezo, siyo mwishoni: "kama nilivyomwambia mteja wangu wa Makorora", namna hiyo. Mwizi ana haraka, hakati ya katikati.

Pesa? Matangazo ya Google hulipwa salio likifika dola 100. Langu, miaka minne, lina dola 31. Lilipofika dola 10 walituma barua ya posta yenye namba ya kuthibitisha anwani, na mimi sina sanduku la posta. Nilitumia la mjomba, ambaye huwa analifungua akikumbuka. Barua ilikaa humo wiki saba. Ukiuliza blogu imeniingizia nini, nitakuonyesha wateja: kila mwezi wawili watatu hupiga simu wakisema "wewe ndiye yule wa kisu?" Hao hawabishani bei sana, sijui kwa nini. Ila mwenye kuanza blogu ili alipe kodi ya nyumba, mimi namshauri auze maandazi.

Ratiba weka ndogo kuliko unavyojiamini. Mimi ni mara mbili kwa mwezi, Jumapili. Ramadhani sigusi. Mwezi wa nne au wa tano tangu uanze utafika utachoka, utaona unajisemea peke yako. Na ni kweli, utakuwa unajisemea peke yako. Wasomaji wa huku hawaandiki maoni chini ya posti. Wanasoma, wananyamaza, halafu baada ya mwaka mtu anakusimamisha sokoni anakuuliza yule bibi wa redio anaendeleaje. Usiwadai kitu. Hata mimi nasoma blogu za watu na sijawahi kumwandikia mmoja.

Nimeacha mwisho lile linalonifanya nisifunge. Mwaka wa pili niliandika kuhusu friji la mafuta ya taa. Babu yangu alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na nyumba ya meneja ilikuwa na friji lisilo na umeme: nyuma chini kuna taa ndogo yenye utambi, moto unachemsha amonia na maji ndani ya mabomba, na juu yake barafu inaganda. Babu alikuwa akisema ameona moto ukizaa barafu na hashangazwi tena na kitu. Likigoma, watu wanne waliligeuza miguu juu, likalala hivyo usiku kucha, asubuhi likafanya kazi. Mimi kama fundi najua kwa nini ilisaidia: amonia ikishakwama, kugeuza kunairudisha ilipotoka. Babu alijua tu kwamba inasaidia. Niliandika kwa ajili ya wanangu. Walioisoma hawakufika thelathini.

Mmoja wao yuko Muscat. Alinitumia ujumbe wa sauti, lakini sauti haikuwa yake, ilikuwa ya mama yake, mzee, Kiswahili cha Pangani hakijachuja hata kidogo. Dukani kwa baba yao kulikuwa na friji kama lile, wakiuza maji baridi kwa wavuvi. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Kisha akanisahihisha: utambi, anasema, ulikatwa sawa kwa wembe kila Ijumaa, nami sikulitaja hilo, usipokatwa sawa moto unafuka, masizi yanajaa, na anayekatwa ni wewe. Akauliza babu yangu alikuwa akiukata kwa nini, wembe au mkasi?

Sikujua. Babu hayupo. Yupo mdogo wake, Muheza, masikio mazito lakini kumbukumbu nzima. Nimemwambia mteja wa Jumamosi anisubiri, nauli nimeweka, na kwenye kitabu cha risiti nimeandika: "Utambi. Wembe au mkasi?"