Kabla Ambreyaji Haijakuachia Mlimani: Mambo ya Kuzingatia kwa Mwenye Gari Bukavu

Bukavu mguu wa kushoto haupumziki. Upande Kadutu na abiria waliojaa, upite Essence kuelekea Panzi nyuma ya lori linalosimama kila hatua, urudi Ibanda jioni kwenye foleni, kote huko ni ambreyaji, yaani klachi, inayoumia. Klachi ambayo kwenye barabara ya tambarare ingefika kilomita 100,000 na zaidi, huku kwetu milimani inaweza kuisha mapema sana, hasa ikiwa dereva ana tabia ya kulizuia gari mlimani kwa pedali badala ya kuvuta breki ya mkono. Tabia hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa, na haigharimu hata faranga moja.

Jambo ambalo wengi hawalipangii hesabu ni kwamba ghali si disiki yenyewe, ile sahani ya ambreyaji inayochakaa, bali njia ya kuifikia. Fundi hana budi kuishusha giaboksi yote. Gari likiwa la kuvuta kwa magurudumu manne, kabla ya hapo atatoa shafti na kile kiboksi cha kugawa nguvu mbele na nyuma. Kwa hiyo kila kitu kilichosahaulika ndani utakilipia mara mbili: mara ya kwanza kwa kukiacha, mara ya pili kwa kukifuata. Maandalizi yote ninayoyaeleza hapa yana shabaha moja, giaboksi ishuke mara moja tu.

Anza kwa kuujua ugonjwa wakati gari bado linatembea. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, injini ikapiga kelele lakini mwendo usiongezeke, disiki inateleza. Harufu ya kitu kilichoungua ikifuata, usijidanganye kwamba ni gari la mbele yako. Ukitaka uhakika, simama mahali tambarare pasipo na watu mbele, vuta breki ya mkono kwa nguvu, weka gia ya tatu, pandisha injini kidogo kisha achia pedali taratibu. Injini ikizimika papo hapo, disiki bado inashika. Ikiendelea kuzunguka huku gari limetulia, anza kutafuta pesa. Jaribio hili lifanye mara moja tu, maana kila unapolirudia unaichoma disiki ile ile unayoipima.

Kelele nayo ina maana yake. Ikisikika unapokanyaga pedali na kunyamaza unapoachia, mara nyingi ni bite, ile beringi inayosukuma plato, yaani sahani ya chuma inayoibana disiki. Ikiwa kinyume chake, yaani inalia pedali ikiwa juu na kunyamaza ukikanyaga, shuku beringi ya giaboksi yenyewe, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Pedali ikizama hadi chini na kubaki huko, au gia zikikataa kuingia wakati injini inawaka, usimruhusu mtu kushusha chochote kabla hajaangalia mafuta ya breki kwenye kikopo chake, na silinda mbili za ambreyaji, ya juu karibu na pedali na ya chini ubavuni mwa giaboksi. Mpira wa silinda uliochakaa unatengenezwa bila kugusa disiki. Nimeona watu wakiuziwa ambreyaji nzima kwa sababu ya kimpira kinachoingia kwenye kiganja.

Tuje kwenye pesa. Usikubali kutajiwa bei moja ya jumla. Omba hesabu igawanywe: vipuri, kazi ya mikono, kazi ya turneri anayekereza chuma, na vile vidogo ambavyo huonekana gari likiwa tayari juu ya mawe. Hivyo vidogo ni mafuta mapya ya giaboksi, mafuta ya breki, sili ya nyuma ya injini (ule mpira unaozuia mafuta yasivuje), na pengine mipira inayoshikilia giaboksi. Mimi hushauri kutenga robo ya jumla juu ya hesabu ya fundi, nayo ikae mfukoni bila kutajwa. Kama bei ni ya dola na utalipa kwa faranga, kubaliana mapema ni kiwango cha siku gani kitakachotumika, siku ya kuanza au siku ya kumaliza. Na kama utalipa kwa dola, zipekue noti ukiwa bado nyumbani. Yenye mpasuko mdogo kama ukucha, au iliyoandikwa kwa kalamu, muuza vipuri ataisukuma irudi upande wako wa meza, nawe utakuwa umesimama dukani gari likiwa limefunguliwa gereji.

Kuna mazungumzo yanayorudi kila gereji, nayo yanastahili kusikilizwa.

“Fundi, funga disiki peke yake kwanza. Plato bado ni nzuri.”

“Papa, mimi nitafunga. Lakini kisha utanirudia, na siku hiyo utanilipa tena.”

Fundi anayesema hivyo hatafuti pesa zako. Disiki, plato na bite hubadilishwa pamoja kwa sababu kazi ya kuvifikia ni ile ile. Ukipungukiwa na pesa, ni afadhali gari lisimame wiki mbili zaidi kuliko kufunga kimoja kipya kati ya viwili vilivyochoka. Kwa anayeishi kwa teksi ushauri huu ni mchungu, najua, lakini hesabu haibadiliki.

Vipuri vyenyewe vitafute kwa nambari ya shasi na aina ya injini, si kwa jina la gari tu. Noah mbili au Hiace mbili zilizoletwa kutoka Japani zinaweza kufanana kila kitu kwa nje na bado zikawa na disiki za vipimo tofauti. Sehemu ikikosekana mjini, wafanyabiashara huiagiza Kigali, Kampala au Dubai, kwa hiyo uliza kwanza kama ipo dukani kweli, kabla hujakubali gari lifunguliwe. Siku ambazo gari linakaa juu ya mawe likisubiri mzigo, mvua inalinyeshea na boliti zake zinapotea. Kuhusu vipuri vilivyokwisha tumika, msimamo wangu ni huu: giaboksi ya okazyo ni sawa, silinda ya okazyo inaweza kujadiliwa, disiki ya okazyo hapana. Hakuna ajuaye imebakiza nini.

Siku ya kazi uwepo gereji, angalau saa ile giaboksi inaposhuka. Disiki ya zamani ishike mkononi mwako. Pembeni mwa ribiti, vile vipini vidogo vya chuma, utaona nyama iliyobaki, yaani ule uso unaosuguliwa: kwa Toyota nyingi, kina cha kutoka uso wa disiki hadi kichwa cha ribiti kikishuka chini ya mm 0.3, disiki imekwisha. Kama nyama bado ni nene lakini uso unang’aa na una mafuta, basi disiki haikuchakaa, imelowana, na mpya nayo italowana vivyo hivyo hadi uzibe chanzo. Mafuta meusi mepesi hutoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Yale mazito yenye harufu kali hutoka giaboksi. Hapa ndipo kazi inapoharibika gereji nyingi, kwani sili ni ya bei ndogo na kila mtu ana haraka ya kufunga.

Kisha tazama volan-motere, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo disiki hubanwa nalo. Likiwa na madoa ya buluu, mipasuko midogo au mtaro unaokwaruza ukucha, lipelekwe kwa turneri. Ukifunga disiki mpya juu ya chuma kilichoungua, gari litatetemeka kila linapoanza kuondoka. Magari mengine, hasa ya dizeli ya miaka ya karibuni, yana volan ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo kwa kawaida haikerezwi, hubadilishwa, na peke yake yaweza kuzidi bei ya ambreyaji. Uliza mapema kama gari lako ni la aina hiyo.

Kabla ya kupandisha, disiki mpya na ya zamani zilazwe pamoja: upana sawa, meno ya katikati sawa. Kisha ile mpya iteleze kwenye shafti ya giaboksi kwa mkono, bila nyundo. Disiki nyingi zimeandikwa upande unaoelekea injini. Ikigeuzwa, ambreyaji itakataa kuachia, na giaboksi itashuka tena.

Barabarani ni habari nyingine. Anayeteremka Ngomo kwenda Kamanyola na Uvira, au anayefuata barabara ya ziwa kupitia Kalehe na Minova kwenda Goma, abebe chupa ndogo ya mafuta ya breki ya DOT 4 iliyofungwa vizuri, kamba imara ya kuvutia, na jiwe au gogo la kukinga tairi, na konvuayeri, yaani utingo, ajue mapema kwamba jiwe ni kazi yake. Pedali ikizama, ongeza mafuta hayo na upampu. Usiweke mafuta ya injini, kwa sababu huvimbisha mipira yote ya silinda. Kwenye baadhi ya magari, ambreyaji na breki hunywa kikopo kimoja. Kwa hiyo kikopo kikiwa kitupu, jaribu breki kabla hujateremka hata mita kumi.

Ikiwa disiki inateleza, punguza mzigo, teremsha abiria kwenye mlima, na tumia gia ndogo. Usiendelee na safari ya kupanda kwa matumaini. Na msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, gari likizama kwenye tope usilikazanie mbele na nyuma kwa pedali nusu. Dakika chache za namna hiyo zinaweza kumaliza disiki iliyokuwa na mwaka mzima mbele yake. Walipe vijana wasukume.

Ikiisha kufungwa, kilomita 500 za kwanza endesha kwa upole, bila mzigo mzito wala kuvuta gari la mwenzako. Kikopo cha mafuta ukikague asubuhi mbili tatu mfululizo. Na sehemu ya malipo ya kazi ibaki mkononi mwako kwa makubaliano, ilipwe baada ya wiki, utakaporudi gereji boliti za giaboksi zikazwe tena na fundi aangalie chini kama kuna palipolowana.