Daftari la siku 14: jinsi ya kujua kama ni mawazo yanayopandisha sukari yako

Mamangu akiona mashine ya sukari imesoma 14 (mmol/L), yaani juu, swali lake ni moja: "Mwanangu, umekula nini huko nje?" Nina miaka 26, nina kisukari na najidunga insulini tangu kidato cha pili, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kuapa. Wallahi sijala kitu. Kiapo hakina faida kwa daktari. Daftari linayo, na hivi ndivyo ninavyolijaza.

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo, ofisi ya klaringi hapa mjini. Kontena likikwama bandarini, gharama zahesabiwa kwa siku. Mwenye mzigo anapiga simu, bosi anapiga meza. Mtu akiwa katika hali hiyo mwili hutoa adrenalini na kotisoli, ini likafungulia sukari ya akiba, na insulini ikafanya kazi kwa tabu. Lakini watu hatufanani. Kuna anayepanda akiwa na mawazo, kuna anayeshuka kwa kuwa hali chakula, na kuna ambaye haitikisiki. Uko wapi wewe, utajua kwa kujipima tu.

Kabla ya kuyasingizia mawazo, ondoa washukiwa wengine. Nawa mikono kwa sabuni na ukaushe. Siku moja nilipata 17 nikataka kulia, kumbe nilikuwa nimetoka kumgawia mtoto wa dada mabuyu na vidole vimejaa sukari nyekundu. Nilinawa, nikapima tena: 8.2. Halafu angalia insulini yenyewe. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Unayoitumia yaweza kukaa nje kama wiki nne (soma karatasi yake, aina hutofautiana) mradi joto lisipite nyuzi 30, na miezi ya kaskazi chumba changu huko Likoni, ng'ambo ya feri, ni tanuri. Mimi hutumia chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliorowa, kimewekwa penye upepo. Papasa pia mahali unapojidunga: penye vinundu dawa haiingii mwilini vizuri. Homa na hedhi nazo ziandike.

Sasa daftari. Nunua lile dogo la dukani, chora safu tano: saa, chakula, dozi, mawazo, sukari. Safu ya mawazo ni namba, 0 hadi 10, na iandike kabla hujagusa mashine. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukishaona 15 kwenye kioo, utakumbuka ghafla kwamba asubuhi ulikuwa na mawazo sana, hata kama ulikuwa unacheka na kondakta.

Usijaribu kufuatilia milo yote, utachoka siku ya tatu. Chagua mmoja. Mimi nilichagua chamshakinywa: mahamri mawili, mbaazi upawa mmoja, chai ya mkandaa bila sukari, dozi ileile, saa ileile. Napima kabla ya kula na saa mbili baadaye. Siku 14, ili zipatikane wikendi mbili za utulivu za kulinganisha na siku za kazi. Jumapili Mama alipika mkate wa sinia, nikaukataa. Alinuna mpaka adhuhuri.

Matokeo yangu: siku tulivu, saa mbili baada ya kula nilikuwa kati ya 9 na 10. Siku za mawazo 7 kwenda juu, kati ya 13 na 15. Mahamri ni yaleyale mawili.

Ukishaona hivyo, usikimbilie kujiongezea dozi kwa hasira. Mimi nilifanya. Saa tisa mchana nilikuwa 15, nikajidunga. Baada ya nusu saa sikutulia, nikajidunga tena. Kumbe kontena lilitoka, bosi akatulia, nami nikatulia, insulini ikabaki peke yake kazini. Kwenye feri nikaanza kulowa jasho. Ila kwenye feri ya saa kumi na moja kila mtu analowa jasho, nikadhani ni joto. Moyo ukaenda mbio, nikadhani ni mawazo. Mama mmoja mwenye kapu la samaki aliniona mikono inatetemeka, akaninunulia soda. Nilipopima, 3.1. Kwa hiyo: jasho, mtetemo, moyo kwenda mbio, pima kwanza. Chini ya 4, kunywa sukari gramu 15, kama vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, ngoja dakika 15, pima tena.

Hili halikunipata mimi peke yangu. Utafiti mkubwa wa DCCT, uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993, ulifuata watu 1,441 wa umri wa miaka 13 hadi 39, wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliobana sukari kwa sindano nyingi au pampu walipunguza hatari ya macho kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Lakini kushuka vibaya kwa sukari kuliwapata mara tatu zaidi ya wenzao wa matibabu ya kawaida. Nao walikuwa na wauguzi wa kuwapigia simu. Wewe una daftari, basi dozi ibadilishe pamoja na daktari.

Kuna mawazo mengine: yale ya kisukari chenyewe, kuchoka kuhesabu, kuogopa kipimo. William Polonsky na wenzake walichapisha mwaka 1995 dodoso la kupima mzigo huo, liitwalo PAID, ambalo siku hizi lina maswali 20. Kila swali lina alama 0 hadi 4. Jumlisha, zidisha kwa 1.25. Ukifika 40, litaje kliniki kama unavyotaja kidonda. Na ukianza kuruka sindano makusudi, au kutamani usiamke, usingoje tarehe ya kadi. Nenda leo, na mwambie mtu wa nyumbani akusindikize.

Kliniki usipeleke daftari zima, foleni ni ndefu. Nakili ukurasa mmoja: siku tulivu kushoto, siku za mawazo kulia. Daktari wangu aliutazama, hakuniuliza nimekula nini. Aliuliza, "Jumanne kuna nini kazini?"