Jinsi ya kuchezesha watoto ukuti ukuti na michezo mingine ya duara, hatua kwa hatua

Walimu wenzangu wa chekechea, na akina mama mnaoshinda na watoto nyumbani, leo tuongelee ule mchezo wa duara, watoto wanashikana mikono wanazunguka wanaimba afu mwisho wote chini. Sisi tuna ukuti ukuti, Waingereza wana "Ring a ring o' roses", Wajerumani "Ringel, Ringel, Reihe", Waitaliano "Giro giro tondo", na India wameuchukua ule wa Kiingereza wakaugeuza kivyao. Mimi nachezesha zote. Kitu ninachotaka mkikamate kabla ya yote ni kwamba kuzunguka ni kulekule kila mahali, tofauti iko kwenye kushuka, yaani lini mtoto anaenda chini na anaendaje. Ndo maana mimi mwisho naufundisha kwanza, wimbo baadaye kabisa.

Hatua ya 1: Uwanja na duara

Tafuta mchanga au nyasi, simenti hapana, labda kama unacheza ukuti peke yake. Duara moja watoto 8 mpaka 12, wakizidi tengeneza maduara mawili, maana likiwa kubwa sana wanaanza kuvutana na mara mikono inaachia. Washikane kiganja kwa kiganja, sio vidole wala kifundo cha mkono, na usimweke mtoto mrefu katikati ya wafupi wawili, atawavuta mabega. Mkizunguka raundi mbili geukeni mrudi upande wa pili, la sivyo wadogo wanashikwa na kizunguzungu.

Hatua ya 2: Fundisha kushuka bila wimbo

Waachie mikono kwanza, wasimame tu. Kushuka kuko kwa aina tatu. Kuna kushuka polepole huku mwili unatetemeka, huko ndo kwetu. Kuna kuchutama, magoti yanakunjwa ila makalio hayagusi chini, huko ni kwa Wajerumani. Afu kuna kujiangusha mpaka unakaa chini kabisa, huko ni kwa Waingereza, Wahindi na Waitaliano. Hii ya tatu ifundishe kwa utulivu sana, magoti yatangulie, makalio yafuate, mikono iachie MAPEMA ili mtoto asimburuze jirani yake, na rudieni mpaka uone hakuna hata mmoja anayeanguka kwa mgongo. Ukishaona hivyo ndo warudi kushikana.

Hatua ya 3: Anza na ukuti

Huu wanaujua tayari kwa hiyo hauna kazi kubwa. Kiongozi anaimba "ukuti ukuti", duara linaitikia, "wa mnazi wa mnazi", linaitikia tena, na muda wote huo ni kutembea tu kwa hatua za kawaida. Kuna wanaoimba "ukipata upepo" na kuna wanaoimba "ukipigwa na upepo", kama darasani kuna watoto wametoka sehemu tofauti utasikia zote mbili zinagongana, wala usimsahihishe mtu, chagueni moja kwa raundi hii na nyingine raundi inayofuata. Pale kwenye "watete, watete" duara LISIMAME. Wengi wanaharibu hapa, watoto wanatetemeka huku bado wanatembea, matokeo yake hakuna kinachoonekana. Simameni, "watete" ya kwanza mabega, ya pili kiuno, na "watetemeka" mnashuka nayo taratibu mpaka chini. Wengine wanatetemeka wamesimama tu bila kushuka, ni sawa pia, na kwa wa miaka mitatu mimi naona ndo inafaa zaidi.

Hatua ya 4: Wa Kijerumani

Maneno yanasema watoto wamekaa chini ya kichaka, na mwishoni wanafanya "husch, husch, husch". Hayo matatu ndo ishara. Mimi nawafundisha wasishuke kwenye la kwanza, la kwanza wanainama kidogo, la pili magoti, la tatu wamechutama kimya kama watu waliojificha. Watoto waoga wanaupenda huu kuliko yote kwa sababu hakuna kujitupa. Wazazi mlioko kule na watoto wetu wanaosoma chekechea za Wajerumani, watoto wanarudi nyumbani na huu, nyie wapeni ukuti jioni hiyohiyo, watashangaa wenyewe zinavyofanana.

Hatua ya 5: Wa Kiingereza na wa Kiitaliano

Uingereza ishara ni chafya, "a-tishoo, a-tishoo", afu wote chini. Marekani pale kwenye chafya wanasema "ashes, ashes". India ni "husha busha". Kwa hiyo ukipata klipu mtandaoni angalia kwanza imetoka wapi, sio unafundisha chafya huku spika inaimba kingine, watoto wanachanganyikiwa wanabaki wanakutazama.

Na hapa niseme jambo linalonikera, ile hadithi kwamba mchezo huu unahusu tauni ya London ya mwaka 1665, eti chafya ni dalili na kuanguka ni kufa. Msiwape watoto hiyo. Peter na Iona Opie, watafiti wakubwa wa michezo ya watoto Uingereza, waliikataa, na maelezo hayo yalianza kusambaa karne ya 20 tu. Kitabu cha Kate Greenaway cha 1881 kina wimbo huu na chafya haimo kabisa, kuna "hush" mara nne. Matoleo mengine ya zamani hayana hata kuanguka, watoto wanakunja goti kidogo kama wanasalimia basi. Hii ina faida kwetu, maana ukiwa na mtoto mwenye tatizo la mguu mpe huko kukunja goti au kuinamisha kichwa, na anacheza toleo halali la mchezo kama wenzake wote.

Wa Kiitaliano ndo naupendelea kwa watoto wanaochelewa kushika ishara. Kwanza dunia inaanguka, "casca il mondo", afu ardhi inaanguka, "casca la terra", ndo wote chini. Mtoto anaonywa mara mbili! Piga kofi kwenye kila onyo, la tatu wanashuka pamoja.

Hatua ya 6: Mtu wa katikati

William Wells Newell aliyekusanya michezo ya watoto Marekani, kitabu chake kilitoka 1883, anaeleza namna ambayo mtoto mmoja anasimama katikati kama mti wa waridi, na wa mwisho kushuka ndo anaingia badala yake. Wa miaka sita kuendelea wanaufurahia sana. Wadogo hapana, kwao kuingia katikati kunakuwa adhabu na kuna mtoto atakuwa wa mwisho kila siku, hivyo kwao geuza, aliyeko katikati amchague mwenzake wa kumpokea, na kila mmoja apate zamu kabla hamjabadilisha mchezo.

Hatua ya 7: Kuwainua

Hii wengi wanairuka, watoto wakiwa chini wanabaki kugaragara na kurushiana mchanga. Waingereza wana ubeti wa pili wa kuinuka, samaki majini, wote wanaruka juu kwa moja mbili tatu, hata ukihesabu kwa Kiswahili inafanya kazi. Kwa ukuti wainuke vilevile walivyoshuka, wanatetemeka kuanzia magoti kwenda mabega, wakishasimama washikane mikono na mzunguke upande wa pili.