Namna ya Kuongeza Usahihi wa Modeli Zilizopunguzwa katika Uchanganuzi wa Mitetemo ya Miundo

Modeli ya daraja au ya setilaiti huweza kuwa na digrii za uhuru (miondoko huru ya nukta zake) laki kadhaa, na mhandisi hulazimika kuzipunguza hadi mia chache ili hesabu za mtetemo zikamilike kwa muda unaofaa. Hatari ya kazi hii ni kwamba msogeo huweza kutoka vizuri ilhali mikazo imepotoka.

Chukua boriti iliyoegemezwa ncha zote mbili, yenye mzigo mmoja katikati. Ukibakiza modi ya kwanza peke yake (modi ni umbo la asili ambalo muundo hutetemeka nalo), utapata asilimia 98.6 ya msogeo tuli wa katikati, lakini momenti ya kupinda (athari ya ndani inayoipinda boriti na kuzaa mikazo) mahali hapohapo itakuwa asilimia 81 tu. Modi shufwa (ya 2, ya 4 na kadhalika) hazisaidii kitu, kwa kuwa katikati yake haisogei. Ukiongeza ya 3 na ya 5, momenti hufika asilimia 93. Ndiyo maana sipendekezi kurundika modi kila usahihi unapopungua.

Lililo bora ni kuongeza vekta ya masalio. Tatua modeli kamili mara moja kwa mzigo huo ukiwa tuli, ondoa sehemu ya jibu ambayo modi ulizobakiza tayari zinaieleza, kisha kinachosalia ukitie katika msingi wa upunguzaji (mkusanyiko wa maumbo yanayounda modeli ndogo) kama vekta ya ziada. Mizigo ikiwa mahali pengi, kila mahali papewe vekta yake, na vekta zote zifanywe pembemraba (zisirudiane) kwa kutumia matriksi ya tungamo (jedwali la tungamo za muundo), kwani vekta zinazokaribia kufanana huharibu utatuzi. Kwa boriti yetu, vekta moja tu hurejesha momenti tuli yote.

Muundo ukigawanywa vipande, mbinu ya Craig na Bampton ya mwaka 1968 ingali msingi mzuri: mipaka ya kipande hufungwa, modi zake za ndani hubakizwa, kisha huongezwa maumbo tuli yanayopatikana kwa kusogeza mpaka, digrii moja baada ya nyingine. Kwa kawaida modi hubakizwa hadi mara 1.5 au 2 ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya juu kabisa ya mtetemo unaochunguzwa. Anayetumia mbinu ya Guyan ya mwaka 1965, ambayo hupuuza inesha (ukinzani wa tungamo dhidi ya kubadili mwendo) ya ndani anapotafuta maumbo hayo, abakize digrii zenye tungamo kubwa na ukakamavu mdogo.

Hatimaye linganisha na modeli kamili. Ikiwa matriksi za tungamo na ukakamavu zimepunguzwa kwa msingi uleule, masafa ya asili ya modeli ndogo hayawezi kushuka chini ya yale ya modeli kamili, hivyo yakishuka, kuna kosa katika programu. Kipande kisichofungwa popote kionyeshe modi 6 zenye masafa ya sifuri. Kisha kagua mikazo karibu na mizigo na nguvu za egemeo, kwa sababu ulinganifu wa masafa peke yake hautoshi kuthibitisha modeli.