Akigeuka kukimbia, na wewe acha
Jana nimeongea na wakili mmoja kuhusu kujitetea akanipa kitu nikaona nisikae nacho peke yangu. Ukivamiwa, kila pigo jiulize swali moja tu: hatari bado ipo sasa hivi? Kama jamaa bado anakuja na panga, pigana ujiokoe. Akishaangusha panga, akalala chini au akakimbia, simama hapohapo, piga kelele, ita watu, nenda polisi. Kwa Tanzania sheria ya makosa ya jinai, yaani Kanuni ya Adhabu, inakuruhusu nguvu ya kiasi kinachohitajika kujilinda basi, ukizidisha unashtakiwa wewe, na akifa kwa hiyo nguvu iliyozidi ni kesi ya kuua bila kukusudia. Lile pigo la hasira la mwisho ndo linafunga watu jamani, inaniuma sana maana mtu alianza akiwa na haki yake kabisa. Ila hii inagoma wakiwa wengi au gizani, mmoja anarudi nyuma kumbe anafuata silaha, hapo usisubiri kuhakikisha, ukipata upenyo wa kutoka toka.