Kumtambua chura wa mitini usiku bila kumgusa: somo kwa wanachama wa kundi letu walio Marangu, Machame na Moshi mjini

Kwanza ruhusa. Msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro hauingiwi usiku hivi hivi, kwa hiyo anzia kihambani (shamba la nyumbani la Wachaga), kando ya mfongo (mfereji wa umwagiliaji) wenye mayugwa (magimbi) na migomba, baada ya kumwomba mwenye shamba. Majira mazuri ni masika, Machi hadi Mei, halafu vuli. Beba tochi ya kichwani, simu, rula, daftari na buti za mvua.

Hatua ya 1: buti. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kuvu wa kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura na ambaye amepunguza sana vyura katika nchi nyingi, husafiri na tope na maji. Sugua tope lote kwa brashi kwanza, kwa sababu klorini iliyo kwenye jiki huishiwa nguvu ikikutana na udongo. Kumwagia jiki juu ya tope ni kupoteza jiki. Kama chupa imeandikwa 3.5%, changanya sehemu 1 ya jiki na sehemu 2 za maji, loweka soli dakika 15, suuza, kisha anika hadi zikauke kabisa. Fanya hivyo nyumbani, mbali na mfongo, maana jiki hiyo hiyo inaua viluwiluwi. Rudia kila unapohama kijito.

Hatua ya 2: masikio. Fika saa 1 usiku, zima tochi, tulia dakika 10. Hapa tunatofautisha jenasi mbili, yaani makundi mawili ya spishi zenye undugu. Vyura wa jenasi Hyperolius huita kwa milio mifupi, mikali, inayojirudia. Wale wa Leptopelis hutoa mlio mmoja mzito, kisha kimya kirefu. Rekodi dakika 1 na utaje saa na jotoridi, kwani baridi hupunguza kasi ya mlio.

Hatua ya 3: jicho. Weka tochi usawa wa macho yako, pitisha mwanga polepole juu ya majani. Ukimwona, tazama mboni: iliyosimama wima ni Leptopelis, iliyolala ni Hyperolius. Gizani mboni hupanuka ikaonekana duara, basi mmulike sekunde chache hadi inywee. Usimtambue kwa rangi. Hyperolius hubadilika rangi, mchana hupauka, na katika spishi kadhaa chipukizi na baadhi ya madume huwa kahawia huku majike yakiwa na rangi kali.

Hatua ya 4: picha. Ubavu, mgongo, uso, vidole. Zima flashi, ngozi yenye unyevu hutoa doa jeupe linalofuta alama zote. Mwenzako amulike kutoka pembeni. Rula iwekwe kando ya jani, isimguse. Hyperolius wengi wana sentimita 2 hadi 3.5. Andika pia kimo kutoka ardhini na aina ya mmea.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, dume na jike nawatofautishaje?*
Kwa Hyperolius, angalia koo. Dume ana kibandiko cha ngozi juu ya mfuko wa sauti, jike hana.

*Nimekuta mayai kwenye udongo, hatua mbili kutoka majini. Niyasogeze?*
Hapana, dada. Leptopelis hutaga ardhini karibu na maji, na viluwiluwi wakianguliwa hujinyonganyonga wenyewe hadi majini. Ukiyafukua yatakauka. Rudishia majani makavu juu yake, uondoke.

*Nikinawa mikono vizuri siwezi kumshika kidogo tu?*
Usimshike. Ngozi yake hupitisha maji na hewa, kwa hiyo mabaki ya sabuni, na hasa dawa ya mbu, huingia moja kwa moja mwilini.

*Na yule chura wa Kihansi, tunaweza kumpata huku?*
Huyo makazi yake ni korongo la Kihansi tu, kwenye milima ya Udzungwa. Alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na waliozalishwa Marekani walianza kurudishwa mwaka 2012. Tena si jamaa wa hawa: yeye huzaa watoto, hatagi mayai.

*Mvua kubwa inanyesha sasa hivi, nitoke?*
Subiri ikatike. Wakati wa kishindo chake hutasikia kitu. Ikikatika ndipo utakapowasikia vizuri.